Mkataba wa kufundisha nje ukiisha: tiketi ya kurudi nyumbani iombwe lini, na iombwe vipi

Swali: Shikamoo mama. Nimefundisha hisabati nje ya nchi kwa miaka miwili na mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni. Kifungu kimoja kinasema, "Mwajiri atagharamia usafiri wa mwalimu kurudi nyumbani mkataba utakapokamilika," basi, hakuna maelezo mengine. Ningependa kupitia kwa dada yangu anayeishi nchi nyingine, nikae naye wiki tatu, halafu ndiyo nirudi nyumbani. Nina mtoto wa mwaka na miezi kadhaa aliyezaliwa huku. Ofisi ya shule inaniambia nisubiri, watanikatia tiketi wakati ukifika. Mwenzangu mmoja ananishauri nidai hela taslimu nijikatie mwenyewe. Nifanye nini, na nianze lini?

Jibu: Marahaba mwalimu, na hongera ya mtoto. Nianze na swali lako la mwisho: anza wiki hii. Hilo "wakati ukifika" limewaponza walimu wengi niliowahudumia. Mimi nilifundisha nje kwa mikataba miwili, kisha nikakaa miaka mingi ofisi ya utumishi ya shule, nikiwakatia walimu tiketi za kuondoka. Nimewaona waajiri wenye nia njema kabisa wakishindwa kumpandisha mwalimu ndege kwa sababu kulikuwa na tarehe tatu ambazo hakuna aliyezikalisha pamoja mapema.

Tarehe ya kwanza ni siku yako ya mwisho kazini, ile unayolipwa mshahara. Ya pili ni siku ambayo kibali chako cha ukaazi kinakoma. Ya tatu ni siku ya ndege. Chukua karatasi uziandike leo, moja chini ya nyingine. Ukipanda ndege kabla ya tarehe ya kwanza, hata kwa siku mbili, shule inaweza kusema hukukamilisha mkataba, na kifungu chako kinasema waziwazi "utakapokamilika". Ukipanda baada ya tarehe ya pili, unaweza kukutana na faini kwenye dawati la uhamiaji, na mtoto mgongoni. Kwa hiyo ndege yako lazima ikae kwenye kipenyo kilichopo kati ya hizo mbili, na kipenyo hicho nchi nyingine ni cha siku chache tu.

Nasema hivyo kwa sababu sehemu nyingi kibali cha mwalimu kimening'inia kwenye ajira. Shule ikikifuta, saa inaanza kuhesabu. Saudi Arabia, kwa mfano, mwajiriwa anayeondoka moja kwa moja hupewa viza ya kutoka ambayo muda wake hauzidi siku 60 tangu itolewe. Japani, walimu wa mpango wa serikali unaoitwa JET hupewa tiketi ya kurudi kwa sharti kwamba wamemaliza mkataba, wanaondoka nchini ndani ya mwezi mmoja, na hawajaanza kazi nyingine humo humo Japani katika mwezi huo. Mwalimu akiamua kubaki wiki sita atembee milima na mahekalu, nauli ni yake. Hukutaja uko nchi gani, kwa hiyo nenda kwa karani wa shule anayeshughulikia vibali umuulize maswali mawili: kibali changu kitafutwa tarehe ngapi, na baada ya hapo nina siku ngapi za kuwa nchini kihalali? Jibu la mdomo lipokee kwa shukrani, halafu mwandikie barua pepe kumkumbusha mlichozungumza.

Uliza pia nyumba ya shule unatakiwa kuirudisha lini, na bima ya afya inakatika siku gani. Mara nyingi vyote viwili hufa pamoja na siku ya mwisho ya kazi. Mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa siku nne bila bima na bila mahali pa kulala akisubiri ndege ya bei nafuu iliyochaguliwa na mtu mwingine.

Sasa tukiangalie hicho kifungu chako. Ni kizuri, lakini kiko uchi. Hakisemi "nyumbani" ni wapi: nchi ya pasipoti yako, mji ulikoajiriwa, au uwanja wowote wa kimataifa ulio karibu. Hakisemi ni tiketi, ni posho, au ni kurejeshewa ulichotumia. Hakisemi mtoto. Hakisemi mizigo. Kila kisichosemwa kitaamuliwa na atakayeandika wa kwanza, na ninataka mwandishi huyo uwe wewe.

Kabla ya kuandika, jua sheria ya nchi uliyopo inasemaje, maana mara nyingine sheria inakupa zaidi ya mkataba. Ibara ya 40 ya sheria ya kazi ya Saudi Arabia inamtwika mwajiri ada za kibali cha ukaazi na cha kazi, na tiketi ya kumrudisha mfanyakazi kwao uhusiano wa kazi unapokwisha, isipokuwa mfanyakazi akitaka kuondoka bila sababu ya msingi. Falme za Kiarabu, sheria namba 33 ya mwaka 2021 inasema mwajiri amrudishe mfanyakazi alikomwajiri au mahali pengine walipokubaliana, ila kama ameshaingia kazi kwa mwajiri mwingine au kazi imekatika kwa kosa lake. Qatar nayo ina kifungu cha namna hiyo kwenye sheria yake ya kazi ya mwaka 2004. Kuna nchi ambazo sheria imenyamaza kabisa, na huko mkataba ndiyo kila kitu. Wizara nyingi za kazi zina dawati la maulizo au namba ya simu ya bure, na wanasheria wa vyama vya walimu hujibu swali la namna hii kwa dakika kumi.

Tuje kwa dada yako. Watu wengi huogopa kuomba kupitia mahali pengine wakidhani wanaomba hisani. Ukiomba vizuri, shule haipotezi hata senti. Kanuni ni moja: shule ilipe kiasi ambacho ingelipa kwa njia ya moja kwa moja, na kikizidi, tofauti uitoe wewe. Mimi niliidhinisha maombi ya aina hiyo karibu yote yaliyofika mezani kwangu.

Mtego uko kwenye kulinganisha bei. Nauli hubadilika kila siku, wakati mwingine kila saa, na mwisho wa Juni shule nyingi za kimataifa hufunga kwa pamoja, viti vinakwisha. Shule ikichukua bei ya njia ya moja kwa moja mwezi Februari, wewe ukakata ya kupitia kwa dada mwezi Mei, utalipishwa "tofauti" ambayo haihusiani na dada yako hata kidogo, ni gharama ya kuchelewa tu. Kwa hiyo sisitiza bei zote mbili zitolewe na wakala mmoja, siku moja, kwa daraja moja na mizigo ileile, na zipigwe picha au zichapishwe.

Na iwe tiketi moja yenye vituo viwili. Usikubali tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ikiwa unaweza kuepuka. Kwenye tiketi moja, shirika likifuta au kuchelewesha ndege yako, ndilo linalobeba jukumu la kukufikisha mwisho wa safari. Kwenye tiketi mbili, la pili halijui habari za la kwanza. Tena ukikata tiketi mbili, ya pili inaweza kuwa ya shirika la bei rahisi linaloruhusu begi moja dogo, na wewe umebeba maisha ya miaka miwili.

Kuna wajanja watakushauri ukate tiketi ya kwenda na kurudi kwa sababu imekuwa rahisi, utumie upande mmoja tu. Kama unaoutaka ni ule wa kurudi, jihadhari: ukiacha kupanda kipande cha kwanza, shirika hufuta vyote vinavyofuata. Nilimwona mwalimu akilifahamu hilo akiwa kwenye dawati la kukaguliwa tiketi, saa mbili kabla ya ndege kuruka. Alinunua nyingine papo hapo kwa pesa aliyoikusanya muhula mzima.

Viza ya kuingia kwa dada yako iombe ukiwa bado una kibali hai cha ukaazi huko uliko. Balozi nyingi hupokea maombi ya wageni wanaoishi kihalali katika nchi husika tu. Kibali kikishafutwa, ubalozi unaweza kukuambia ukaombee kwenu, na safari nzima ikavunjika hapo. Ile tiketi moja yenye kipande cha mwisho cha kurudi nyumbani nayo itakusaidia, maana inaonyesha kwamba una pa kwenda baada ya wiki tatu. Na ukibadilisha ndege kwenye nchi ya tatu, angalia kama wanadai viza ya kupita, hata kwa saa nne za kukaa uwanjani.

Kuhusu hela taslimu, mwenzako hajakosea, ila anatazama upande mmoja. Ukipewa posho kamili kabla ya safari, na kiasi chake kinalingana na nauli halisi ya wiki hiyo, unapata uhuru na chenji ni yako. Lakini nchi nyingine posho ya nauli huhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara na kukatwa kodi, wakati tiketi iliyokatwa na mwajiri haikatwi. Muulize mhasibu kabla hujafurahi. Pia ndege ikifutwa, aliyekata tiketi ndiye mwenye kazi ya kukimbizana na shirika. Ukiwa na mtoto wa umri huo, ningependa mtu mwingine awe ndiye anayepiga simu.

Njia ninayoikataa kabisa ni ile ya "kata mwenyewe, tutakurejeshea ukifika". Nina sababu yangu. Mkataba wangu wa kwanza ulisema nauli itarejeshwa baada ya kuwasilisha uthibitisho wa safari. Nikakata, nikaruka, nikafika nyumbani salama. Nikatuma tiketi, karatasi ya benki, na picha ya muhuri wa kutoka kwenye pasipoti. Mhasibu akajibu anataka pasi za kupandia ndege, zote mbili. Ya kwanza nilikuwa nayo, niliigeuza alama ya ukurasa kwenye kitabu. Ya pili niliiacha kwenye mfuko wa kiti cha mbele yangu, pamoja na kijaluba cha karanga. Tuliandikiana miezi saba. Mhasibu akahama shule, aliyemrithi akaanza upya, na mwisho nikalipwa nusu, ikaliwa tena na makato ya benki mbili. Sikuwa na pa kwenda kulalamika, nilikuwa bara jingine. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mashirika mengi ya ndege hutoa barua ya kuthibitisha kwamba abiria alisafiri, ukiwaandikia na namba ya tiketi. Ingeumaliza ubishi wote ule kwa siku moja.

Kwa hiyo, mwalimu, mpangilio wangu ni huu: kwanza tiketi iliyokatwa na shule kwa njia mliyokubaliana, pili hela kamili mkononi kabla ya kuondoka, na kurejeshewa baadaye iwe pale tu palipokosekana vyote viwili. Ikifikia hapo, piga picha kila karatasi, na pasi za kupandia ndege zipige picha kabla hujakaa kitini.

Mtoto. Kifungu chako kinasema "mwalimu". Shule inaweza kushikilia kwamba mtoto hakuwapo mlipotia saini. Usibishane, omba. Nauli ya mtoto asiyetimiza miaka miwili anayekaa mapajani kwa safari za kimataifa kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na kwa shule hiyo si pesa ya kugombania. Lakini hesabu umri wake kwa makini. Kinachoangaliwa ni umri siku ya kila ndege. Kama atatimiza miaka miwili mkiwa kwa dada yako, kipande cha pili kitahitaji kiti chake na nauli ya mtoto, na hilo liandikwe tangu mwanzo. Hakikisha ana pasipoti yake na kibali chake. Falme za Kiarabu, vibali vya wategemezi hufutwa kwanza ndipo cha aliyewadhamini kifuate, na foleni hiyo hula siku za kipenyo chako. Na kama baba yake hasafiri nanyi, beba barua ya ridhaa yake iliyothibitishwa na wakili, maana kuna mipaka inayomsimamisha mzazi mmoja mwenye mtoto.

Mizigo sitaikalia sana. Daraja la kawaida kwa njia nyingi ndefu hutoa begi moja au mawili ya kilo 23, na begi lolote likizidi kilo 32 mashirika mengi hayalipokei hata ulipe. Sisi walimu tunaua mizani kwa vitabu. Posta za nchi kadhaa zina huduma ya gunia la machapisho kwa bei ya chini kuliko vifurushi vya kawaida, linafika polepole, ila linafika. Vingine waachie wanaokuja nyuma yako.

Sasa barua. Iandike kwa lugha ya mkataba wako, iwe fupi, itume kwa barua pepe kwa mkuu wa shule na ofisi ya utumishi kwa pamoja. Maneno yake yawe karibu na haya:

"Mkataba wangu unakamilika tarehe 30 Juni, na hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Kwa mujibu wa kifungu cha usafiri wa kurudi nyumbani, naomba tiketi ya daraja la kawaida, ya kwenda tu, kwa ajili yangu na mwanangu, ya kuondoka kati ya tarehe 2 na 5 Julai hadi uwanja ulio karibu na nyumbani kwangu, yenye mabegi mawili ya kilo 23. Naomba nipitie mji anakoishi dada yangu kwa wiki tatu. Nauli ya njia hiyo ikizidi ya moja kwa moja kwa bei za siku ileile, tofauti nitailipa mimi. Naomba tiketi iwe imekatwa kufikia tarehe 15 Aprili, na kibali changu kisifutwe kabla ya siku ya kuondoka. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi ndani ya siku kumi."

Mji na uwanja uvitaje kwa majina, na tarehe za Julai zirekebishe kulingana na ulichoambiwa kuhusu kibali. Umeona hakuna lawama humo, wala machozi. Karani anayeipokea anapata kila kitu anachohitaji ili akufungulie faili siku hiyohiyo, na hakuna pengo la kukurudishia swali. Zikipita siku kumi bila jibu, ijibu barua yako mwenyewe kwa mstari mmoja wa kukumbushia, ile ya awali ikiwa chini yake.

Tiketi ikija, usishangilie karatasi. Kuna karatasi nzuri yenye ratiba ya safari na herufi sita za nafasi uliyoshikiwa, na hiyo bado siyo tiketi. Tiketi ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian Airlines, 176 ni Emirates, na kila shirika lina zake. Kama namba hiyo haipo, wakala ameshika nafasi tu na inaweza kuachiwa usiku. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika na zile herufi sita, uone majina yenu yote mawili yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la mtoto likaguliwe mara mbili, maana mara nyingi huongezwa mwishoni kwa haraka. Halafu muulize wakala tarehe ikibadilika ni kiasi gani, na nani mwenye haki ya kuibadilisha. Tiketi iliyokatwa na wakala wa shule mara nyingi hubadilishwa kupitia kwake tu, na ofisi yake itakuwa imefungwa siku utakayomhitaji.

Ukiwa bado uko kazini, kusanya barua ya utumishi yenye tarehe za kuanza na kumaliza, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Hicho cheti ukikiomba ukiwa huko ni kazi ya siku chache, ukikiomba ukiwa nyumbani ni miezi, na mwajiri wako ajaye atakitaka. Uliza kiinua mgongo kinalipwa siku gani, na usifunge akaunti ya benki kabla hakijaingia. Kama nchi hiyo ilikukata michango ya pensheni, uliza kama unaweza kurudishiwa ukiondoka. Japani hilo lipo, na dirisha lake ni miaka miwili tangu uhame. Maliza madeni yote pia, hata ya laini ya simu. Katika baadhi ya nchi za Ghuba deni lisilolipwa linaweza kuzaa amri ya kukuzuia kusafiri, na mtu hulifahamu akiwa mbele ya dirisha la uhamiaji.

Ikiwa shule itakataa kabisa, peleka malalamiko kwenye ofisi ya kazi ya nchi hiyo ukiwa bado upo, kibali kikiwa hai, na mkataba pamoja na barua zako zikiwa mkononi. Mwajiri aliyenyamaza miezi miwili nimemwona akikata tiketi mchana wa siku aliyopigiwa simu na ofisi hiyo. Mjulishe pia ubalozi wenu. Hauwezi kumlazimisha mwajiri, lakini simu yao hupokelewa upesi. Usitie saini karatasi yoyote inayosema "nimelipwa haki zangu zote" hadi ile namba ya tarakimu 13 iwe imeonekana kwenye tovuti ya shirika, ya kwako na ya mtoto, kila mmoja na yake.